Kujenga Upya Sehemu ya Juu ya Injini ya Kwadi Kuukuu: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Vyombo

Shabaha ya mwongozo

Mwongozo huu ni wa fundi wa pikipiki anayeletewa pikipiki ya magurudumu manne, yaani kwadi, iliyotumika miaka mingi: inatoa moshi, imepungua nguvu, inakula oili. Unamfaa pia mwenye chombo, awe anaitumia shambani au anakodishia watalii ufukweni, ili ajue analipia nini na aulize nini kabla ya kutoa fedha.

Mfano utakaotumika ni Honda TRX300, kwadi iliyouzwa kuanzia modeli ya 1988 hadi ya 2000. Injini yake ina silinda moja, hupozwa kwa hewa, na kipenyo cha silinda ni milimita 74.0 kwa mwendo wa pistoni wa milimita 65.5, hivyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 281.7. Kamshafti iko kichwani na huzungushwa kwa mnyororo. Fundi aliyezoea injini za pikipiki za silinda moja hatakuta kitu kigeni ndani yake, na hatua zilizo hapa zinafaa kwa injini nyingi za jinsi hiyo. Vipimo kamili vya kila modeli hutoka kwenye kitabu chake cha karakana.

Kanuni inayotawala kazi hii ni moja: usinunue kipuri kabla ya kupima, wala usifunge injini kabla ya kujua kilichoiharibu. Injini nyingi zinazorudi karakana na moshi uleule zilivishwa pistoni na ringi mpya ndani ya silinda iliyokwisha, au zilifungwa vizuri kisha zikaachiwa chujio la hewa linalopitisha mchanga. Katika hali zote mbili mteja amelipia vipuri, tatizo likabaki palepale.

Zana na usalama

Mbali na spana za kawaida, kazi hii inahitaji vitu ambavyo karakana nyingi ndogo hazina vyote: spana ya torki, fila geji, maikromita ya kupimia pistoni, geji ya kupimia ndani ya silinda, rula ya chuma iliyonyooka kikamilifu, kibanio cha springi za valvu na geji ya kompresheni. Kama huna maikromita na geji ya silinda, peleka silinda na pistoni kwa mchongaji akupimie, na uandike namba atakazokupa. Kupima silinda kwa kidole au kwa kuichungulia juani hakutoshi, kwa sababu uchakavu unaoiua injini huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita.

Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea, kwa kuwa utatumia petroli au mafuta ya taa kusafishia. Vaa miwani unapopuliza hewa ya kompresa. Gasketi za injini za zamani zinaweza kuwa na asbesto: zilowanishe kwa oili kabla ya kuzikwangua, usizisugue zikiwa kavu wala kupuliza vumbi lake.

Kabla ya kufungua

Injini ikiwa bado nzima ina habari ambazo ukishaifungua huwezi kuzipata tena. Fanya ukaguzi huu kwa mpangilio.

1. Sikiliza na utazame moshi. Moshi wa bluu unaotoka kila unapoongeza mafuta, na kuendelea chombo kinapobeba mzigo, huelekeza kwenye ringi na silinda. Moshi unaotoka kwa wingi inapowashwa asubuhi kisha ukapungua, au unaotoka baada ya kuteremka mlima mafuta yakiwa yamefungwa, huelekeza kwenye sili na gaidi za valvu. Moshi mweusi si wa oili. Huo ni wa petroli nyingi, na dawa yake huanzia kwenye chujio na kabureta.

2. Kagua nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Valvu iliyokosa nafasi haifungi vizuri, na kompresheni hushuka hata kama pistoni ni nzima. Wapo waliofungua injini kwa tatizo ambalo skrubu ya kurekebishia ingelimaliza.

3. Pima kompresheni injini ikiwa na joto, betri ikiwa na nguvu na mlango wa kabureta ukiwa wazi kabisa. Andika namba. Kisha mimina oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, zungusha injini kidogo, upime tena. Namba ikipanda sana, hewa inapita kwenye ringi. Isipopanda, shaka ihamie kwenye valvu au gasketi ya kichwa.

4. Kama una kompresa, weka pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, zuia injini isizunguke, kisha ingiza hewa kupitia tundu la plagi. Hewa ikisikika kwenye kabureta, valvu ya kuingiza inavuja. Ikisikika kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi na silinda.

5. Fungua kasha la chujio la hewa. Pitisha kidole safi ndani ya mpira unaounganisha kasha na kabureta, upande ambao hewa imekwisha kuchujwa. Ukikuta vumbi hapo, umeshapata sababu kuu ya uharibifu kabla hujalegeza hata boliti moja. Piga picha, umwonyeshe mwenye chombo.

Kufungua

Osha injini kwanza, hasa kuzunguka sehemu ya chini ya silinda na katikati ya mapezi ya kupozea. Mchanga uliobaki hapo utadondoka ndani mara utakapoinua silinda. Mwaga oili kwenye chombo safi na uichunguze: vumbi jepesi la chuma ni la kawaida kwa chombo kikuukuu, lakini vipande vinavyoonekana kwa jicho ni dalili ya uharibifu ulioshuka hadi kwenye beringi.

Ondoa kiti, tangi, bomba la moshi na kabureta. Karanga za bomba la moshi ndizo zinazowatesa watu, maana zimekula kutu kwa miaka. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, uziache zilowe, na kama bado ngumu zipashe moto pole tangi likiwa limeshaondolewa. Stadi iliyokatikia kichwani inaweza kugharimu kuliko gasketi zote za kazi hii.

Baada ya hapo endelea hivi:

1. Fungua vifuniko vya valvu na kidirisha cha alama kwenye magneti. Zungusha injini hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye kasha, pistoni ikiwa juu mwisho wa kukandamiza. Alama ya F iliyo jirani ni ya kuwasha cheche. Usiichanganye na T. Hakikisha roka zote mbili zina nafasi. Zikiwa zimebanwa, zungusha krankshafti mzunguko mmoja mzima, kwa sababu uko kwenye mwendo wa kutoa moshi.

2. Legeza kikaza mnyororo, ondoa kifuniko cha kichwa, kisha gia ya kamshafti. Funga mnyororo kwa waya usizame ndani ya injini.

3. Legeza karanga za kichwa kwa zamu, kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo. Ukilegeza moja hadi mwisho wakati nyingine bado zimekaza, kichwa kinaweza kupinda.

4. Kichwa kikigoma kutoka, kigonge kwa nyundo ya mpira mahali palipo na nyama ya kutosha. Usichomeke bisibisi kati ya mapezi wala kati ya nyuso mbili za gasketi. Pezi huvunjika, na mkwaruzo kwenye uso wa gasketi hugeuka njia ya kuvujia.

5. Inua silinda taratibu. Pistoni inapoanza kutokeza, ziba mdomo wa chini kwa kitambaa safi kabla ya kugusa kilipu cha pini. Kilipu kikidondoka ndani, injini yote itabidi ishushwe.

Valvu, springi na roka kila kimoja kirudi mahali pake. Kipande cha boksi chenye matundu yaliyoandikwa majina kinatosha kuvitunza kwa mpangilio.

Kusoma vipuri vya zamani

Usioshe pistoni mara moja. Itazame ikiwa na uchafu wake.

Pistoni iliyouawa na vumbi huwa na sketi iliyopoteza mng'ao, yenye mikwaruzo myembamba mingi ya wima, mara nyingi zaidi upande wa kuingizia hewa. Ringi zake huwa zimekonda. Mchanga wa pwani na vumbi la barabara za shambani hufanya kazi hii polepole, na mwenye chombo haoni lolote hadi moshi uanze.

Pistoni iliyozidiwa na joto huwa na alama nzito za kukwama, alumini ikiwa imejipaka kwenye ukuta wa silinda. Hapo tafuta chanzo: mapezi yaliyozibwa na tope au majani, oili iliyopungua, mpira wa kabureta uliopasuka unaoingiza hewa ya ziada, au jeti iliyoziba. Injini ya kupozwa kwa hewa haina maji ya kuisaidia. Tope lililokaukia kwenye mapezi ni tatizo la injini, si uchafu wa kawaida.

Masizi mengi yaliyolowa oili juu ya pistoni, hasa pembezoni, huthibitisha kwamba oili inapanda kutoka chini. Shina la valvu ya kuingiza lenye masizi mazito laini huthibitisha kwamba oili inashuka kutoka juu kupitia sili.

Andika sababu uliyoikuta. Itaamua nini kirekebishwe nje ya injini kabla ya kuiwasha tena.

Kupima silinda, pistoni na ringi

Silinda haichakai sawasawa. Pima kipenyo chake kwenye vimo vitatu, yaani karibu na juu mahali ringi ya kwanza inapogeukia, katikati na chini, na kila kimo ukipime pande mbili: sambamba na pini ya pistoni, kisha kwa kuikata pini. Utapata namba sita. Chukua iliyo kubwa kuliko zote. Tofauti kati ya juu na chini huonyesha silinda imepanuka kama faneli. Tofauti kati ya pande mbili huonyesha imekuwa yai.

Pistoni ipime kwenye sketi, karibu na mwisho wake wa chini, kwa kuikata pini. Juu ya pistoni ni pembamba kwa makusudi, hivyo kipimo cha hapo hakina maana. Toa kipimo cha pistoni kwenye kipimo kikubwa cha silinda. Jibu ndilo uwazi. Kwa injini ya ukubwa huu inayopozwa kwa hewa, uwazi wa upya mara nyingi huwa sehemu chache za mia za milimita, na kikomo huwa karibu na milimita 0.10.

Tuchukue mfano. Silinda ya kawaida ya 74.00 imepimwa na kukutwa 74.12 mahali ilipochakaa zaidi. Pistoni mpya ya saizi ya kawaida ina 73.96. Uwazi utakuwa 0.16, kabla hata kilomita moja haijatembea. Pistoni hiyo itagonga injini ikiwa baridi, na ringi zake zitayumba.

Ringi nazo zina hesabu yake. Ingiza ringi ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kila silinda inapopanuka, mwanya huongezeka kwa mara 3.14 ya upanuzi huo, kwa sababu ringi hufuata mzingo na si kipenyo. Ringi mpya yenye mwanya wa 0.30 ndani ya silinda ya 74.00 itakuwa na mwanya wa karibu 0.68 ndani ya silinda ya 74.12. Hii ndiyo sababu ringi mpya kwenye silinda kuukuu haziponyi moshi: mwanya umeshazidi maradufu siku ya kwanza.

Pima mwanya huo sehemu ya chini ya silinda pia, ambako uchakavu ni mdogo. Ringi mpya ikikutwa na mwanya mdogo kuliko kiwango, isagwe ncha kwa tupa laini hadi ifikie. Ncha zikigusana injini ikipata joto, ringi itavunjika na kuikwaruza silinda.

Kichwa, valvu na kamshafti

Kwangua gasketi ya zamani bila kuuchimba uso wa alumini. Laza rula ya chuma juu ya uso wa kichwa kwa marefu, mapana na mishazari miwili, na ujaribu kupitisha fila geji chini yake. Kwa vichwa vingi vya ukubwa huu, ikipita ya 0.10, kichwa kimepinda na kinahitaji kusawazishwa na mchongaji.

Kabla ya kutoa valvu, funga plagi, kigeuze kichwa, ujaze petroli au mafuta ya taa kwenye chumba cha kuchomea, kisha uangalie kwenye njia za hewa na moshi. Kikidondoka kitu kwa haraka, valvu haikai vizuri kwenye siti yake. Toa valvu, zisafishe, uzikague:

Shina likiwa na mgongo unaosikika kwa ukucha, valvu hiyo imekwisha. Ukiingiza valvu mpya kwenye gaidi na ikayumba kushoto na kulia, gaidi ndiyo iliyokwisha, na hakuna sili itakayozuia oili hapo kwa muda mrefu. Ukingo wa valvu uliobaki mwembamba kama kisu utaungua, basi badilisha valvu hiyo.

Kama siti na valvu zina madoa madogo tu, zisage kwa mchanga laini wa kusagia valvu hadi upate ukanda wa kijivu ulio sawa pande zote. Kama ukanda umekuwa mpana sana au umeingia ndani, kusaga hakutoshi. Siti ikatwe upya kwa kikatio chake. Baada ya kusaga, osha kila punje ya mchanga, kisha urudie kipimo cha petroli. Sili za valvu ziwekwe mpya kila kichwa kinapofunguliwa. Bei yake ni ndogo na kazi ya kuzifikia ni kubwa.

Kagua migongo ya kamshafti na nyuso za roka. Zikiwa na mashimo au zimechubuka, badilisha zote mbili pamoja, kwani roka iliyochubuka huila kamshafti mpya kwa muda mfupi. Uharibifu wa hapo mara nyingi hutokana na oili kutofika juu, hivyo pitisha hewa kwenye njia za oili za kichwa na silinda. Mnyororo wa taimingi uliolegea, reli zake zilizochimbika na kikaza kilichofika mwisho vibadilishwe sasa, kabla kichwa hakijarudi.

Mahali pa kusimama

Kabla ya kuagiza chochote, shika konrodi kwa mikono miwili, uivute juu na kuisukuma chini bila kuizungusha. Kucheza kwa pembeni kidogo ni kawaida na kuna kipimo chake. Kucheza juu na chini, hata kidogo kunakosikika mkononi, ni beringi ya chini iliyokwisha. Pia ingiza pini kwenye jicho la juu la konrodi na usikilize kama inagonga.

Beringi ya chini ikiwa imekwisha, simamisha kazi na uzungumze na mwenye chombo. Sehemu ya juu mpya huongeza kompresheni, na kompresheni hiyo huigonga zaidi beringi iliyochoka. Machaguo ni mawili: kuishusha injini yote na kutengeneza krankshafti, au kuiacha ilivyo hadi fedha zipatikane. Kufunga pistoni mpya juu ya konrodi inayogonga ni kumuuzia mteja hasara.

Kununua vipuri na kuchonga silinda

Pistoni za kuzidisha saizi huuzwa kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, madukani huombwa kwa jina la namba tu, ya 25, ya 50 na kuendelea. Chagua kwa hesabu. Kama ukuta una mkwaruzo wenye kina cha 0.10 upande mmoja, kipenyo lazima kiongezeke angalau 0.20 ili uishe. Chukua saizi ndogo itakayosafisha ukuta wote, ili silinda ibakiwe na nyama kwa siku nyingine. Saizi kubwa haileti nguvu ya maana: kutoka 74 hadi 75 huongeza sentimita za ujazo kama 8 tu. Silinda iliyokwisha kufika saizi ya mwisho hutiwa slivu mpya.

Utaratibu wa ununuzi ni huu: nunua pistoni kwanza, kisha upeleke pistoni na silinda pamoja kwa mchongaji. Silinda huchongwa kwa kuifuata pistoni iliyo mkononi, si namba iliyoandikwa kwenye boksi. Pima pistoni mbele ya muuzaji ikiwezekana. Vipuri vya kuigiza vipo vingi. Vingine vinafaa, vingine vina pini iliyolegea, ringi zisizo na alama au uzito ulio mbali na wa asili. Mwandikie mchongaji uwazi unaoutaka kwenye karatasi.

Silinda iliyochongwa humaliziwa kwa mawe ya kuhoni yanayoacha mistari inayopishana kwa msalaba. Mistari hiyo hushika oili na kusaidia ringi zikae. Ukuta unaong'aa kama kioo haujamaliziwa, urudishe.

Silinda ikifika kwako, ioshe kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Petroli haitoi unga wa mawe ulioingia kwenye mistari; sabuni huutoa. Sugua hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kausha, na upake oili papo hapo, maana chuma cha silinda huota kutu kwa dakika chache, hasa pwani.

Kufunga

1. Funga pistoni kwenye konrodi. Kwenye pistoni za Honda maandishi ya IN hukaa upande wa kuingizia. Pini ipakwe oili. Vilipu viwe vipya, na mdomo wa kilipu usilingane na pengo la pistoni.

2. Vika ringi kuanzia ya oili. Ncha za springi yake zikutane, zisipandane. Alama za ringi za juu zitazame juu. Mianya ya ringi isambazwe kwa nyuzi 120, isiwe mstari mmoja.

3. Weka gasketi mpya ya chini na pini zake za kuelekeza. Usipake gundi ya silikoni karibu na njia ya oili. Kipande kikikatika huziba njia, na kamshafti hufa. Paka oili pistoni na silinda, bana ringi, teremsha silinda bila kulazimisha. Kama inagoma, ringi moja haijaingia.

4. Weka gasketi ya kichwa, kichwa na karanga. Kaza kwa msalaba kwa awamu tatu hadi torki iliyoandikwa kwenye kitabu cha modeli husika. Nyuzi zikiwa chafu, spana ya torki itakudanganya.

5. Rudisha alama ya T, funga gia ya kamshafti kwa alama zake, achia kikaza mnyororo. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha kagua alama upya. Ukikutana na kizuizi kigumu, simama. Huenda valvu inagusa pistoni. Usiijaribu kwa stata.

6. Weka nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Usihamishe kipimo cha chombo kimoja kwenda kingine. Milimita 0.08 inayojulikana na mafundi wengi ni ya Honda CG125, ambayo kamshafti yake iko chini na husukuma valvu kwa fimbo. Haihalalishi lolote kwenye injini nyingine.

7. Safisha kasha la chujio, badilisha mpira uliopasuka, osha sponji, itie oili ya chujio na uiminye. Sponji kavu hupitisha mchanga mwembamba. Safisha mapezi yote.

Kuwasha na kulainisha

Tia oili mpya ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Klachi ya kwadi hii huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viambato vinavyoifanya iteleze. Toa plagi, iunganishe na bodi ya injini ili mfumo wa cheche usiharibike, kisha zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi hadi uone oili imefika kwenye roka.

Ikishawaka, isiachwe ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Injini ya hewa hupata moto ikisimama, na ringi hukaa vizuri zikipata mzigo wa wastani. Sikiliza, kagua mivujo, kisha itembeze. Ongeza na upunguze mafuta kwa kubadilishabadilisha, usiibane mafuta hadi mwisho, wala usiilazimishe kupanda mlima kwa gia kubwa. Iache ipoe kabisa, kisha urudie. Moshi kidogo mwanzoni ni wa oili uliyopaka wakati wa kufunga; unapaswa kuisha.

Baada ya saa chache za kazi, badilisha oili, kagua torki ya kichwa injini ikiwa baridi kama kitabu kinavyoagiza, na upime upya nafasi ya valvu. Pima pia kompresheni na uandike. Namba hiyo ndiyo kipimo cha kulinganishia siku zijazo.

Kukabidhi

Kabla ya mwenye chombo kuondoka, mpe mambo manne. La kwanza ni vipuri vya zamani, ili aone alicholipia. La pili ni karatasi yenye vipimo vya silinda, pistoni, mwanya wa ringi, nafasi ya valvu na kompresheni, pamoja na saizi ya pistoni iliyofungwa; fundi atakayefuata ataihitaji. La tatu ni maelezo ya kilichoharibu injini na namna kilivyorekebishwa. La nne ni masharti ya matumizi: tarehe ya kurudi kwa oili ya kwanza, na ratiba ya kuosha chujio kulingana na vumbi la mahali anapoendesha chombo.

Mteja akikataa kugharimia chanzo cha uharibifu, kwa mfano kasha la chujio lililopasuka, liandike kwenye karatasi hiyohiyo na asaini. Akisema fedha zake zinatosha pistoni tu, bila kuchonga silinda iliyopita kikomo, kataa kuifunga. Mkabidhi vipimo vyake na vipuri vyake vikiwa kwenye boksi, umtoze gharama ya kufungua na kupima peke yake. Atakuwa amelipa kidogo kwa habari sahihi, badala ya kulipa kikubwa kwa moshi utakaorudi.